Namba ya Shingoni

Jumapili, 4 Mei

Kaka,

Dereva wa lori amesema anaondoka saa tano na hamsubiri mtu, kwa hiyo salamu nazikata: tupo, tunakula, Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la nguo za watu anazoshona, na mimi ni yule yule. Najua huko machimboni hakuna mtandao, lakini hata ungekuwepo nisingekupigia. Unanijua. Kwa kalamu nasema, kwa mdomo nakwama.

Nina habari. Wiki iliyopita Mwalimu wa Kiswahili aliniita ofisini. Nilidhani nimekosa. Kumbe kwenye kiti cha mkuu wa shule amekaa mwanamke mwenye viatu vyeupe visivyo hata na tone la tope, anasoma insha yangu. Ile ya "Shati la Baba". Ni Katibu wa kampeni ya Bosi Mdogo. Ndiyo, Bosi Mdogo wetu, wa kiwanda cha unga. Anagombea ubunge. Hotuba zake huandikwa kwa Kiingereza na mtaalamu wa mbali, halafu mtu wa ofisini anazileta kwenye Kiswahili kinachosikika kama karatasi ya maelekezo ya dawa. Katibu akasema wanatafuta mtu anayejua lugha zote mbili lakini anaandika kama yuko nyumbani. Akaniuliza kama ningependa kusaidia. Nikaitikia kwa kichwa kabla sijafikiri.

Najua utakasirika. Na mimi niliikumbuka kalenda. Baba alipoangukiwa na magunia, kiwanda kilituletea kalenda yenye picha ya Bosi Mdogo, na Mama akaitundika mgongo nje, picha ikitazama ukuta, kuziba tundu. Lakini kaka, hakuna mtu aliyewahi kusoma maneno yangu huku anatabasamu vile. Ni hilo tu.

Sasa Bosi Mdogo anajiita Mbeba Gunia. Kuna picha yake getini, gunia begani. Mzee jirani, aliyebeba pamoja na Baba miaka yote na bado anabeba, anasema ndani ya lile gunia mna sponji. Shingo ya mbebaji huinama upande, na ya Bosi imesimama kama anapimwa urefu.

Mdogo wako,
Karani


Jumatatu, 12 Mei

Mpendwa mwandishi wetu mdogo,

Bahasha hii nampa mwalimu wako akukabidhi mkononi. Shati limefika salama na Mheshimiwa amelipenda mno. Alilijaribu ofisini tukashangaa sote: limemkaa kana kwamba alikuwa nalo siku zote. Kuhusu mama yako, ondoa wasiwasi. Kama tulivyokubaliana, ni la kupigia picha tu, na litarudi sandukuni kabla hajajua kwamba lilitoka.

Naomba utusaidie kidogo tena. Wabebaji wakichoka husemaje? Mheshimiwa anataka neno lao wenyewe. Na ile sehemu ya kugeuza kola uieleze upya kwa ufupi, kwani Mheshimiwa hakuielewa, na mimi, nikuambie kweli, pia sikuielewa. Jambo dogo la mwisho: kila mahali insha inaposema "baba yangu", tumeweka "mimi". Pitia uone kama sentensi zinakaa sawa.

Una kipaji. Usikifiche.

Wako katika mabadiliko,
Katibu wa Kampeni


Jumapili, 25 Mei

Mwanangu,

Mkono ni wa Karani, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike kila ninachosema na asilainishe.

Shati la baba yako halipo sandukuni. Jana nilitaka kulianika kama ninavyolianika kila mwezi, nikakuta gazeti nililolifungia limekunjwa vizuri na ndani hamna kitu. Nyumba hii ina watu wawili, na wa tatu alikuja mwezi wa nne akalala siku nne. Karani hawezi kuchukua hata ndimu bila kuuliza. Basi ni wewe. Sikuulizi kwa nini, na wewe ni mtoto wake.

Ila nakwambia hivi. Huko kuna vumbi la mawe, usilivae kazini. Ile kola niliigeuza kwa mikono yangu, na kola hugeuzwa mara moja tu. Upande wa juu ukichakaa unaifumua, unaleta wa chini juu, unashona tena. Wa pili nao ukiisha, hakuna wa tatu. Mpe dereva alirudishe. Na usilifue. Kwapani bado lina harufu yake, na hicho ndicho ninachokitafuta kila mwezi, siyo kitambaa.

Mama yako

(Kaka, Mama ameitwa mlangoni na mteja. Nimeandika kama alivyosema. Sina la kuongeza. K.)


Jumapili, 1 Juni

Mama, shikamoo.

Ni kweli, ninalo. Nililichukua bila kukuambia kwa sababu nilijua ungekataa. Sijalivaa, sijalifua, liko kwenye begi langu chini kabisa. Nitakuja nalo mwenyewe mwezi wa nane, simwamini dereva. Nisamehe, Mama.

Mwanao


Karani,

Hiyo ya juu msomee Mama kwa sauti. Hii ichane. Sinalo. Sijaligusa tangu tuliporudi makaburini. Nadhani Mama amelichanganya na nguo za wateja akampa mtu, na siku akijua hivyo atajilaumu mpaka alale kitandani. Bora anikasirikie mimi, niko mbali na ngozi yangu imeshakuwa ngumu kwa kokoto. Wewe pekua mafurushi yote, moja moja, ujue limeenda kwa nani.

Na hiyo kazi ya Bosi Mdogo iache. Hukuniuliza ninaionaje, nakwambia hata hivyo. Yule mtu siku ya mazishi hakuleta hata mguu wake. Leo anatafuta maneno ya kutuomba kura, na wewe ndiye unayemtafutia?

Kaka yako


Jumapili, 15 Juni

Karani,

Lori limekuja limebandikwa bango mlangoni. Nimesimama mbele ya ule mlango mpaka wenzangu wakaniuliza kama nasoma sera.

Kiraka cha bega la kulia, cha buluu, Mama alikikata kwenye gauni lake. Kifungo cha tatu ni cha kahawia, ni cha kaptula yangu ya darasa la nne. Nilikitoa mwenyewe, Baba akanisaidia kukikata uzi kwa meno. Sasa kiko kifuani kwa Bosi Mdogo, na juu yake wameandika: "Nimevaa ulichovaa."

Sijawahi kukasirika hivi, hata siku ile ya magunia. Siku ile niliambiwa ni ajali. Hii nayo ni ajali?

Wamepiga picha ya mbele tu. Wangepiga ya nyuma, dunia nzima ingeona namba. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki ilivyokuwa. Pale kiwandani mashati yote hutundikwa kwenye misumari ya ukuta mmoja, yote meupe kwa unga, hulijui la nani. Kwa hiyo kila mbebaji huandika namba yake kwa wino chini ya kola, mahali pasipoonekana. Na ni namba hiyo hiyo anayoitwa getini kila asubuhi. Jina hawalitaji. Mama alipoigeuza kola, cha chini kikaja juu, na Baba akawa anatembea mtaani na mia sitini na tatu shingoni, nje nje. Mama alitaka kuifuta kwa ndimu. Baba akamwambia, "Iache. Nikizimia njiani watajua pa kunirudisha." Tulicheka wote. Mbebaji anaweza kusahau umri wa watoto wake, namba yake hasahau.

Nimemdanganya Mama kwa ajili ya shati hili. Sanduku lina ufunguo, na ufunguo unakaa kwenye kopo la vifungo. Mama anajua, mimi najua, na wewe unajua.

Andika.

Kaka yako


Jumatano, 18 Juni

Kaka,

Ni mimi.

Nimeandika hayo maneno mawili kisha nikakaa muda mrefu nayaangalia. Dereva anapita kesho, kwa hiyo siwezi kukaa zaidi.

Katibu aliniomba alione shati la kwenye insha. Nikalitoa siku Mama alipokwenda kununua nyuzi. Nikakunja gazeti vizuri lionekane limejaa. Hicho ndicho kinachonitia aibu kuliko vyote, kwamba nilikuwa na akili ya kukunja gazeti. Katibu akasema ni picha tu, siku mbili. Nilifurahi, kaka. Nilidhani watamtaja Baba. Nilimwona Baba kwenye ukuta wa mji mzima.

Halafu ikaja barua yake, kwamba "baba yangu" imekuwa "mimi". Ningeweza kukataa siku ile. Nilikaa mezani nikapitia sentensi moja moja. "Baba yangu alikuwa na shati moja." "Mimi nilikuwa na shati moja." Sarufi ilikaa sawa kabisa. Nilimfuta Baba mara kumi na moja, na mahali pengine nikaweka mkato ili isomeke vizuri zaidi. Wabebaji wakichoka husema "bega limelala". Hilo nalo nikampa.

Na ile barua ya Mama kwako niliiandika kwa mkono huu huu. "Karani hawezi kuchukua hata ndimu." Alinitamkia polepole nisikosee.

Nimeomba shati lirudi. Katibu amejibu kwa kikaratasi: sasa watu wameshalizoea, litarudi baada ya uchaguzi, na kulitoa kabla ya hapo "kutaleta maswali". Badala yake Mheshimiwa ananipa heshima. Jumamosi ya tarehe 28 kuna mkutano kwenye uwanja wa kiwanda, na mimi nitapanda jukwaani kusoma shukrani mwishoni, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Katibu ameniandikia na cha kusoma. Mstari wa kwanza unasema, "Mheshimiwa, wewe ni mmoja wetu."

Sijamwambia Mama. Najua unachotaka kusema.

Karani


Jumapili, 22 Juni

Mwambie Mama. Usimwandikie. Mwambie kwa mdomo.

Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake, na kwa upande wangu bado sijafika huko. Nilichukua lawama nikidhani namlinda yeye. Kumbe nilikuwa nakulinda wewe, na wewe ulikuwa unamlinda Bosi Mdogo.

Kuhusu Jumamosi sina ushauri. Ningekuwa huko ningerusha jiwe, na mawe ninayo ya kutosha. Lakini wewe ndiye utakayekuwa juu pale.

Kaka


Jumanne, 1 Julai

Kaka,

Nilimwambia Mama Alhamisi. Alikuwa anashona suruali ya mteja. Nikaanza nikakwama, nikaanza tena. Mguu wake ukasimama kwenye cherehani. Akauliza, "Wewe?" Neno moja. Sikuwahi kutamani kupigwa kama siku ile, lakini hakunipiga. Alimaliza suruali, akakata uzi, akaikunja. Ndipo akasema Jumamosi nitakwenda kama nilivyoahidi, na yeye atakuwepo. Tangu hapo hatukusemezana mpaka siku yenyewe.

Uwanja ulijaa. Wabebaji walitolewa kazini wakapangwa nyuma, wamevalishwa fulana mpya zimeandikwa "Mbeba Gunia", juu ya mashati yao. Unga ulikuwa bado masikioni mwao. Bosi Mdogo alishuka kwenye gari kubwa nyuma ya ghala, pasipoonekana, akatembea hatua chache za mwisho kwa miguu akijifuta jasho ambalo sikuliona. Alikuwa amevaa shati la Baba.

Nilikaa nyuma yake. Alipoanza kuongea, mia sitini na tatu ilikuwa mbele ya macho yangu, wino umefifia lakini upo. Kumbe yeye hajawahi kuiona. Iko kisogoni kwake. Na wale wa ofisini wameiona kila siku wakadhani ni chapa ya dobi.

Kaka, nilisikia hotuba yangu. "Mimi nilikuwa na shati moja. Bega langu lilikuwa limelala." Alisimama kwenye kila mkato niliouweka. Wanawake wa mbele walifuta machozi, na machozi yale yalikuwa ya Baba, yeye anayapokea kwa mikono miwili. "Mama yangu aliigeuza kola hii," akasema, akaishika kola ya mbele, laini laini, kama anaonyesha mkufu. Nilihisi kitu kimenipanda mpaka masikioni. Siyo aibu. Aibu naijua, imekaa nami miaka kumi na sita. Hii ilikuwa moto.

Katibu akanipa maiki na karatasi. Akaninong'oneza nisiogope.

Nikaikunja karatasi. Nikasema:

"Mheshimiwa, namba yako ilikuwa ngapi?"

Sauti yangu ilirudi kutoka ukuta wa ghala, sikuitambua. Yeye akageuka akitabasamu. "Ya simu, binti?" Watu wakacheka, hata mimi ningecheka siku nyingine.

"Ya kubebea," nikasema. "Getini."

Akamtazama Katibu. Kisha akasema kwa sauti ya upole kwamba enzi zake wote walikuwa familia moja, hawakuhitaji namba, kila mtu alijulikana kwa jina lake.

Kule nyuma, mzee jirani akavua ile fulana mpya, akaiacha ianguke, akasema, "Themanini na nane." Hakupiga kelele. Aliyekuwa kando yake akasema, "Mia mbili kumi na tano." Mwingine, "Thelathini na moja, miaka ishirini na sita." Zikaanza kuja kutoka kila pembe, hata za wazee walioshaacha kazi, hata mwanamke mmoja alitaja ya marehemu mumewe. Hakuna aliyetukana. Namba tu.

Mama akapita katikati yao. Ana tepu yake ya kupimia shingoni, alisahau kuivua au hakutaka. Akapanda zile ngazi tatu.

"Mia sitini na tatu," akasema. "Geuka wakuone shingoni."

Bosi Mdogo akapeleka mkono kisogoni, akapapasa, kama mtu aliyeambiwa ana mdudu. Alipogeuka kumtafuta Katibu, uwanja mzima ukaisoma.

"Vua," Mama akasema. "Ni la mume wangu."

Katibu alikuwa ameshazima spika, lakini haikusaidia kitu, tulio karibu tulisikia. Bosi Mdogo akavua. Vifungo vilimshinda, hasa cha tatu, kile chako. Ndani alikuwa na fulana nyeupe ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Mama akalipokea shati, akalikunja pale pale jukwaani, mikono ndani kola juu, bila haraka, akaniambia, "Twende."

Ningependa barua iishie hapo.

Jana Jumatatu asubuhi, getini, msimamizi aliita namba kama kawaida. Nane hakuziita. Ya mzee jirani haikuitwa, wala za wale saba walioanza kutaja baada yake. Waliambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka saa sita, geti likafungwa. Na Bosi Mdogo yuko redioni leo. Anasema wapinzani walimtumia mtoto wa shule aliyechanganyikiwa na kifo cha baba yake. Hapo ndipo Baba alipotajwa hatimaye.

Uliniambia ungerusha jiwe. Mimi nimerusha, na limewaangukia wao.

Karani


Jumapili, 6 Julai

Mwanangu,

Mkono ni wa Karani tena. Analia na anaandika, nimemwambia afanye vyote viwili lakini asiruke sentensi.

Shati limerudi. Lilirudi na manukato ya yule mtu, mazito, mpaka chumba kizima kikanuka ofisi. Sikuweza kuliweka sandukuni hivyo. Nimelifua mara mbili. Manukato yametoka, na baba yako ametoka nayo. Sasa ni shati.

Nimemwambia Karani nimekasirika na nitakasirika muda mrefu, na asidhani kule jukwaani kumefuta. Lakini asidhani pia kwamba ni yeye aliyefunga geti. Mwenye ufunguo wa geti anajulikana. Na wewe uliyenitungia begi na chini ya begi, nawe nakuhesabu. Nyumba hii ina waongo wawili na fundi mmoja, na fundi amechoka. Uje mwezi wa nane kama ulivyosema, uje mikono mitupu.

Wale wanane wako hapa barazani tangu asubuhi. Wameleta mashati yao ya kazi. Wanataka namba zitoke chini ya kola zije juu, nje, kama ya baba yako. Niliwaambia kola zao bado nzima, haifai kugeuza kitu kizima. Mzee jirani akanijibu, "Geuza tu, shemeji. Tumechoka kuificha." Basi nageuza. Nimefika ya tano. Kesho watakwenda nazo kusimama getini, na wenzao ambao bado wako kazini wameniletea zao dirishani, kimya kimya, mafungu mawili.

Wameomba na barua, kwa lugha zote mbili, ya kupeleka kiwandani na kwenye magazeti. Ieleze tangu mwanzo: yale magunia yalipangwaje siku ile, nani aliagiza yapangwe juu namna ile, nani alibeba nini, na shati ni la nani. Nimempa Karani kazi hiyo. Mara ya kwanza aliandika akaichana. Ya pili akaichana. Ya tatu nikamwuliza ameanzaje, akanisomea maneno mawili ya mwanzo: "Baba yangu."

Nikamwambia hapo pamekaa sawa, aendelee.

Mama yako